Boti ya Bluu Kwenye Picha Saba

Siku nilipokabidhiwa tableti ya komini, serikali ya hapa kwetu, nilirudi nyumbani kwa njia ndefu ili watu wengi zaidi wanione nayo. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki, mwenye mtandio wangu na heshima zangu mtaani, lakini siku hiyo nilikatiza sokoni, nikashuka bandarini, nikapita mbele ya msikiti, kisha nikajifanya nimesahau kitu nikapita tena. Muuza mawese mmoja aliniuliza kama hicho ni kioo cha kujitazamia. Nikamwambia hii ni sheria, mama, sheria yenyewe iko humu ndani. Alicheka mpaka akaweka kipimo chini.

Sikuwa namtania. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandikisha boti za uvuvi za upande wetu wa Rumonge. Wenzangu walipelekwa Kabezi na Gitaza, wengine chini kabisa Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania, kila mmoja na tableti yake na namba yake ya wakala. Ilikuwa miezi ile ambayo ziwa linafungwa ili samaki wapumzike, na amri mpya ilisema kwamba likifunguliwa, boti isiyo na namba na kibali haitagusa maji. Hilo halikunishtua, amri tumeziona nyingi. Kilichonipandisha wazimu wa furaha ni kipande cha mwisho cha amri hiyo: kibali hakitasainiwa na mtu yeyote. Mashine ingepokea picha, vipimo na kitambulisho cha mwenye boti, ingevilinganisha na maelfu ya picha na vipimo vingine vya pwani nzima, kisha ingejibu yenyewe kwenye simu ya mwenye mali.

Hakuna wa kusaini! Ili uelewe kwa nini nilikuwa nalirudia neno hilo peke yangu jikoni, inabidi nikueleze kuhusu shangazi yangu. Huyu ni dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Mumewe alipofariki alimwachia kipe moja. Kipe ni boti mbili za mbao zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu wa ndagala, yaani dagaa, ukining'inia katikati. Shangazi haingii ziwani, wanawake kwetu hawaingii kuvua, lakini kuanzia kamba mpaka taa, kila kitu anakiamrisha yeye akiwa mchangani, na wavuvi wake sita wanamwogopa kuliko mawimbi. Kila mwaka alipokwenda kutafuta kibali, mtu wa dirishani alimuuliza mwenye boti yuko wapi. Akisema ni yeye, anaambiwa aje na mwanamume. Akija na mwanamume, mwenye kusaini amekwenda msibani, au Bujumbura, au kunywa chai. Rudi kesho. Nilikua nikimsikia akivua viatu mlangoni na kusema maneno hayo mawili kwa sauti ya yule bwana, na sisi watoto tunacheka, na yeye hacheki.

Sasa fikiria mashine ambayo haijui kama wewe ni mwanamke, haiendi msibani na haina kesho. Nilikuwa tayari kuipigia vigelegele.

Siku ya kuandikisha pwani yetu, watu walijiandaa utafikiri kuna harusi. Boti zilisuguliwa kwa sabuni ya mawese mpaka mapovu yakafika majini. Wengine walipaka rangi mpya, na mzee mmoja aliyekuwa na kipe kuukuu sana alivaa suti. Kwenye mafunzo tulikuwa tumeambiwa jambo moja mara nyingi: boti zote mbili za kipe zionekane kwenye picha zikiwa zimefungwa, mwenyewe asimame mbele. Kipe isiyo kamili isiandikishwe, ingojee awamu ijayo. Na awamu ijayo ilikuwa baada ya msimu.

Boti moja ya shangazi ilikuwa kwa fundi, imetolewa mbao za chini zote, inaonyesha mbavu. Fundi alikuwa ameahidi kuimaliza wiki mbili kabla ya ziwa kufunguliwa, na fundi huyo si mtu wa maneno matupu. Kwa hiyo shida haikuwa msimu. Shida ilikuwa picha ya siku ile.

Jirani wa shangazi mchangani ni mtu wa Kivu ya Kusini aliyehamia kwetu zamani, shemasi wa kanisa la kilokole, mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo. Kipe yake nilikuwa nimeshaiandikisha, ya kwanza kabisa asubuhi. Boti yake ya kulia ilikuwa bado inang'aa rangi ya bluu. Alipomwona shangazi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ameukunja, hakuuliza maswali. Alianza kufungua kamba.

"Mama, beba yangu," alisema. "Leo haina kazi. Iko inakaa tu hapa."

Wavuvi wakaisukuma ile ya bluu, wakaifunga ubavuni mwa boti ya shangazi. Ikapendeza. Mimi nilishika tableti nikasita, kwa sababu mafunzo yalikuwa bado ya moto kichwani.

"Shangazi, hii si yako," nilisema kwa sauti ndogo.

"Piga, mutoto wangu."

"Lakini wametuambia..."

"Piga. Watu wanaangalia."

Nikapiga. Na kwa kuwa pwani ina macho, kabla sijamaliza kuandika vipimo, mwingine aliyekuwa na boti yenye ufa alishakuja kuomba ile ya bluu, halafu mwingine, halafu yule mzee wa suti. Mpaka saa nne asubuhi ile boti ilikuwa imefungwa na kufunguliwa mara saba, ukimhesabu mwenyewe, na shemasi anacheka kwa fahari kwamba boti yake inaoa wake wengi kuliko sisi Waislamu.

Utaniuliza kama sikujua kwamba ninafanya kosa. Nilijua na sikujua. Kwetu boti huazimwa kila wiki. Mbao zinaoza, mtu anafiwa na wavuvi wake wanapumzika, boti inakwenda kwa jirani na inarudi. Halafu kuna jambo la picha. Studio ya karibu na kituo cha magari ina koti moja jeusi, na nusu ya wanaume wa mtaa wetu wamepigwa picha ya kitambulisho wakiwa wamevaa koti hilo. Hakuna polisi aliyewahi kumuuliza mtu koti liko wapi. Nilidhani picha ya boti ni ya namna hiyo, ya kupendeza machoni pa serikali, na kwamba kibati cha namba kikija kitagongwa kwenye boti ya kweli iliyotoka kwa fundi.

Majibu yalianza kuja siku kumi na tano kabla ya ziwa kufunguliwa, yote asubuhi moja. Yalikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo watu walijipanga mchangani na simu zao ili niwasomee. Nilipanda juu ya kreti. Imekubaliwa! Imekubaliwa! Imekubaliwa! Kila nikitamka, watu wanapiga makofi. Mama mmoja wa Gitaza aliyeolewa kwetu alipata chake bila kwenda ofisini hata mara moja, akaanza kucheza peke yake. Nilikuwa na furaha ambayo tangu niache ualimu sikuwahi kuipata, furaha ya kumwona mtu anaelewa hesabu.

Kisha shangazi akanipa simu yake.

Nilisoma kwa sauti kama nilivyosoma za wengine, na kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umeshamaliza. Imezuiwa. Sababu: udanganyifu. Chombo kimoja kimeonekana kwa wamiliki saba.

Nitasema ukweli kuhusu kilichofuata, ingawa unanitia aibu hadi leo. Nilifurahi! Nilipiga kelele: "Imeona! Jamani, imeona!" Nilishuka kwenye kreti, nikafungua picha kwenye tableti, nikawaonyesha watu kidole changu kikienda mbio. Tazameni hapa, kwenye ubao wa mbele, pana fundo la mti. Tazameni hapa, kipande cha bati kilichoziba tundu, misumari mitano. Fundo hilihili, bati hilihili, misumari mitano, picha saba! Katika maelfu ya picha za pwani nzima, mashine ambayo haijawahi kukanyaga Rumonge imeitambua boti ya shemasi kwa fundo la ubao! Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mbele yake na sikulitazama fundo lile. Niliona ni ajabu kubwa, na nilitaka kila mtu aione.

Nilipoinua kichwa hakuna aliyekuwa anatazama kidole changu. Shangazi alikuwa anaondoka, mtandio umemwanguka begani na hajauokota.

Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza swali moja tu: hilo neno, waliliandika wao au ulilitia wewe? Nikamwambia waliliandika wao. Shangazi hasomi Kifaransa, anasoma Kurani tu basi, lakini tangu nikiwa mdogo sijamsikia akiahidi kitu akakigeuza. Na sasa pwani nzima ilikuwa imesikia, tena kwa sauti ya mtoto aliyemlea, kwamba yeye ni mdanganyifu. Amri ilisema chombo kilichozuiwa kisipotakaswa kabla ya siku ya kufunguliwa kinafutwa msimu mzima. Wavuvi wake wawili walikuwa wameanza kusalimiana mno na mwenye kipe nyingine.

Basi nikaenda vitani. Nilikuwa na hakika kwamba mashine yenye akili ya kuona fundo la ubao itakuwa na akili ya kunisikiliza. Tableti ilikuwa na mahali pa kupinga uamuzi. Unachagua sababu: mauzo, urithi, wizi, kosa la picha. Nne. Nikazisoma tena nikitafuta ya tano. Nikachagua kosa la picha, nikaeleza vizuri kwa Kifaransa changu cha shule, mistari kumi na miwili. Jibu lilikuja kabla sijameza mate: pingamizi limekataliwa, picha ni safi. Nilitukana kifaa cha serikali kwa Kirundi, nikatazama nyuma kama kuna aliyesikia.

Tukaenda ofisini, mimi na shangazi. Karani wa pale ni mtu mwema, alitupa viti.

"Amahoro, mama. Hii ni kitu rahisi," alimwambia shangazi. "Munachagua 'mauzo.' Munasema boti uliinunua kwa ule mutu wa Kivu. Itapita mara moja."

"Lakini sikuinunua."

"Mashine haitajua."

Shangazi alimgeukia. "Nilisimama mbele ya watu, boti ya jirani iko pembeni, kila mutu anaiona, mukaniita mwongo. Sasa unataka niseme uongo wa kweli ndipo muniite mukweli?"

Karani akacheka, kisha akaacha kucheka. Shangazi akashukuru, murakoze, akasimama, tukatoka. Njiani alikuwa anatembea haraka mno, na mimi nyuma yake nikiwa na hasira na kila mtu: na karani, na mashine, na shemasi na rangi yake ya bluu. Hasira ya kujikasirikia mwenyewe ilikuja nilipofika nyumbani.

Nilizipanga zile picha saba kwa mpangilio wa saa. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho kilinifanya nisimame chumbani na kuanza kutembea. Kila picha ilikuwa na dakika yake na mahali pake, mpaka hatua za mguu. Ya kwanza saa mbili kasoro, ya mwisho saa nne kasoro robo, zote ndani ya mchanga usiozidi uwanja wa mpira. Mtu anayetaka kudanganya serikali angeipeleka boti Kabonga, angengoja wiki, angebadilisha rangi. Hawa waliisukuma mbele ya macho ya watu wote, asubuhi moja, mbele ya wakala mmoja. Ushahidi kwamba hawakudanganya ulikuwa mlemle kwenye mashine iliyowaita wadanganyifu! Kisha nikaona kwamba chini ya kila picha kulikuwa na namba ya wakala, na namba hiyo ilikuwa yangu.

Niliandika barua kwa idara inayosimamia mfumo ule Bujumbura, nikaambatisha picha kwa mpangilio wake, na sikuficha namba. Nilitegemea kimya. Badala yake, baada ya siku nne, akaja mwanasheria wa idara hiyo. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, viatu vya kazi, kompyuta begani, na alifika na basi dogo kama watu wengine. Tulikaa kwenye karakana ya fundi wa boti, ambayo ziwa lilipopanda ilihamia jirani na barabara, sisi juu ya mbao, yeye juu ya pipa la mafuta lililolazwa. Wenye kipe wote walikuja, hata waliokubaliwa.

Alianza kwa kuuliza kuhusu kuazimana, na akaandika. Kisha alisema jambo ambalo bado ninalifikiria.

"Zamani mkuu wa bandari aliona boti ya kuazima akafumba macho. Sheria ilisema hapana, yeye alisema haidhuru, na maisha yakaenda. Mashine haiwezi kufumba macho. Kinachofanywa bila kuandikwa, yenyewe inakiona ni wizi ama ni uongo. Sasa mimi niko na kazi moja hapa. Mukiniambia jinsi munavyofanya, tutaiandika."

"Tutaiandika, sisi nani?" aliuliza shemasi.

"Nyinyi. Mimi nitaipeleka."

Ndugu msomaji, mimi nimefundisha uraia miaka minane. Nimechora ubaoni bunge, mahakama na serikali, na watoto wamenakili. Sijawahi kuona sheria ikizaliwa, na sikudhani kwamba inazaliwa kwa kelele kiasi kile. Je, boti ikiazimwa ni kwa siku ngapi? Mmoja akasema tatu, mwingine akasema ndagala hawajui tatu. Ikipasuka ziwani ni ya nani? Ya aliyeazima, wakasema wote, isipokuwa wale wanaoazima sana. Kibati cha namba kitakaa wapi ikiwa boti ya kipe hii iko kwenye kipe ile? Fundi, ambaye hana boti hata moja, ndiye aliyejibu: kila boti iwe na namba yake, si kila kipe. Mwanasheria aliinua kichwa, akamwomba arudie. Shemasi alisema yeye hataki siku wala karatasi, anataka tu mtu ampigie simu kwanza, na mwanasheria akaandika: mwenye chombo athibitishe kwa simu yake. Shemasi akasimama kuangalia maneno yake kwenye kioo cha kompyuta. "Iko pale?" aliuliza. "Iko," nikamwambia. Akakaa akiwa mtu mwingine.

Mwanasheria alieleza kwamba hiyo ingeanza kama maelekezo ya muda kwa pwani yetu, mpaka amri yenyewe irekebishwe, na kwamba kwenye fomu ingeongezwa sababu ya tano: chombo cha kuazima. Nilitaka kumkumbatia. Nilimpigia makofi peke yangu, halafu wote.

Makofi yalipotulia alifungua yale mafaili yaliyozuiwa. Akawa mpole ghafla.

"Kwa kesho na kesho kutwa tumemaliza. Ila haya ya nyuma yalishaamuliwa kabla ya sababu ya tano. Siwezi kuyafuta kwa mkono. Nikitaka lile neno 'udanganyifu' litoke kwa hawa saba, lazima kosa liwe na mahali pengine pa kukaa. Mfumo una sehemu moja: kosa la wakala." Akanitazama. "Likiingia hapo, mfumo wenyewe unamsimamisha wakala. Mimi sina uwezo wa kuuzuia." Kisha akauliza kama alivyopaswa kuuliza: "Nani alisema picha zipigwe hivyo?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, na kati ya vidole mlikuwa na vumbi la mbao. Nilingoja. Siwezi kusema nilingoja muda mrefu, lakini ulinitosha kuumia.

"Mimi," nilisema. "Mimi peke yangu."

Uamuzi ulitakiwa kuthibitishwa kwenye tableti yangu, kwa kidole changu. Nikabonyeza. Siku ya pili nikairudisha komini, nimeipangusa kioo kwa pindo la mtandio, na karani akanisainisha kwenye daftari. Nililia njia nzima, njia fupi safari hii. Nilimkasirikia shangazi kwa ule ukimya kuliko nilivyoikasirikia mashine, maana mashine haikunilea. Lakini boti yake ilikuwa imetoka kwa fundi, nyufa zimezibwa kwa pamba na mawese, na niliipenda hata nikiwa na hasira.

Siku ya kufunguliwa ziwa pwani ilijaa tangu adhuhuri. Boti hutoka jioni, lakini hakuna aliyeweza kukaa nyumbani. Wavu ulikuwa umekunjwa, taa zimepangwa, wavuvi sita wote wa shangazi wapo, hata wale wawili waliokuwa wakisalimiana mno. Shangazi alikuwa amesimama na simu mkononi, hakai, hali chakula. Baada ya sala ya alasiri ikalia. Alinipa bila kunitazama.

"Soma kwa nguvu," alisema. "Kama siku ile."

Nilipanda juu ya ukingo wa boti. Nilisoma neno kwa neno, kwa furaha ambayo sikuwa nimepanga kuipata. Imekubaliwa. Rekodi ya udanganyifu imefutwa. Mmiliki hana kosa. Wakapiga kelele! Shangazi akanyoosha mkono: tena. Nikasoma tena. Tena. Mara ya tatu hata watoto walikuwa wanaisema pamoja nami. Wavuvi wakaanza kusukuma, na kipe ya shemasi nayo ikasukumwa, na zile nyingine, pwani nzima inaimba.

Simu yangu ilitetemeka mfukoni katikati ya kelele hizo. Nikaisoma nikairudisha.

"Na yako inasema nini?" aliuliza shangazi. Hakuna kitu kinachompita.

"Si kitu."

"Soma."

Nikamsomea yeye tu. Wakala amesimamishwa. Sababu: alipiga picha zisizo za kweli kwa hiari yake.

"Kwa hiari yake?"

"Ndivyo inavyosema."

Shangazi alisimama na mikono nyuma akitazama kipe yake ikishuka, ikiingia, injini ikikohoa mara mbili kisha ikishika. Aliitazama mpaka ikapita boti za mwisho na kuanza kuwa ndogo. Ndipo akakaa mchangani, akanivuta gauni nikae.

"Hiyo yako iko na mahali pa kupinga?"

"Ipo."

"Fungua. Andika hivi." Akasafisha koo kwa ukali, namna anavyofanya akitaka kuwaamrisha wavuvi. "Mimi ndiye nilimwambia apige. Alikataa, nikamwambia mara ya pili. Mwanasheria alipouliza, nilinyamaza, sababu niliogopea boti yangu. Yeye hana kosa. Tia na jina langu lote."

Niliandika. Mahali pawili nilikosea nikafuta. Nilipomaliza nilimsomea yote, akaitikia kwa kichwa.

"Shangazi," nilisema, "nikiituma hii wanaweza kukuzuia tena."

"Boti iko wapi?"

Nikatazama. "Iko katikati ya ziwa."

"Basi tuma."